Ripoti yasema "gredi 2", mbona daktari ataka tena kipimo cha jeni?

Dada, nimesoma swali lako. Mjomba wako wa miaka 38 kafanyiwa upasuaji wa kichwa kwa uvimbe wa ubongo, ripoti ya patholojia (uchunguzi wa tishu) imetoka na jina "oligoastrositoma, gredi 2" (gredi ni kiwango cha ukali wa uvimbe, 4 ndiyo kali zaidi), na sasa daktari wa saratani hataki kuanza mionzi mpaka bloki, yaani kipande cha nta chenye tishu ya uvimbe, ipelekwe Nairobi ikapimwe jeni. Nyumbani wazee washasema hiyo ni njia ya kuwakamua pesa. Na mamako auliza kama watoto wa mjomba nao wapimwe.

Mimi si daktari. Niko maabara ya patholojia hapa Mombasa, kazi yangu ni kuandaa tishu: naitia kwenye nta, naikata, naipaka rangi, daktari ndiye asomaye. Tishu za ubongo nimekata za kutosha, na nakwambia wazi: huyo daktari msimwache. Jina lililo kwenye ripoti yenu Shirika la Afya Duniani lilihimiza liachwe tangu 2016, na kwenye mpangilio wa 2021 halimo kabisa. Ripoti si ya uongo, lakini imeishia nusu ya njia.

Zamani uvimbe wa aina hii uliainishwa kwa jicho peke yake. Seli zenye mikia mikia zikaitwa astrositoma. Seli za duara zenye weupe kuzunguka kiini, mfano wa yai la kukaanga, zikaitwa oligodendroglioma. Na huo weupe wenyewe ni athari ya fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, na uandaaji, kipande kikigandishwa mara moja bila fomalini huuoni! Daktari akiona mchanganyiko, aliandika oligoastrositoma. Mwenzake akitazama slaidi ile ile aliweza kuandika jina jingine, na wote wawili ni mabingwa.

Jeni ndizo zilizokata huo mzozo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waligundua badiliko kwenye jeni iitwayo IDH1 katika baadhi ya uvimbe wa ubongo, na baadaye ikaonekana kwamba wenye badiliko hilo huishi muda mrefu kuliko wasio nalo. Jeni hiyo na mwenzake IDH2 kwa pamoja twaziita IDH. Leo glioma, yaani uvimbe wa seli zinazotegemeza neva za ubongo, zile za kawaida za watu wazima ziko mafungu matatu. Kuna oligodendroglioma: IDH imebadilika, na juu yake mkono mfupi wa kromosomu 1 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) na mkono mrefu wa kromosomu 19 yote miwili imepotea. Kuna astrositoma: IDH imebadilika, lakini mikono hiyo haikupotea pamoja. Na kuna glioblastoma: IDH haikuguswa, nayo ni gredi 4 moja kwa moja. Karibu kila uvimbe uliokuwa ukiitwa mchanganyiko huangukia mojawapo.

Sasa tazama hatari iliyopo. Glioma ya mtu mzima inaweza kuonekana imetulia kwenye darubini, ya kuandikwa gredi 2, kumbe IDH haikubadilika na ndani mna badiliko la jeni ya TERT, au jeni ya EGFR imeongezeka nakala, au kromosomu 7 imezidi na 10 imepungua. Moja tu kati ya hayo latosha kuuita glioblastoma. Niliwahi kukata slaidi za mgonjwa wa namna hiyo. Majibu yaliporudi, mpango mzima wa matibabu ulibadilishwa. Hata astrositoma yenye IDH iliyobadilika, ikiwa imepoteza nakala zote mbili za jeni ya CDKN2A, hupandishwa gredi 4 hata kama jicho halioni ubaya wowote.

Na upande wa heri upo. Kwenye utafiti mmoja wa Marekani wa oligodendroglioma za gredi 3, wagonjwa waliopoteza ile mikono miwili ya kromosomu na kupewa mionzi pamoja na kemo ya dawa tatu, nusu yao waliishi zaidi ya miaka 14. Kwa waliopoteza mikono hiyo lakini wakapewa mionzi peke yake, nusu yao walifika kama miaka 7 tu. Kwa hivyo mjomba akianzishiwa dawa kwa kubahatisha, mnachocheza nacho ni miaka. Ipo pia dawa ya vidonge, vorasidenib, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2024 kwa gredi 2 zenye IDH iliyobadilika. Bei yake tuiache.

Kuhusu pesa, msikubali kununua kila kipimo kwa mkupuo. Mwulizeni daktari kama mwaweza kwenda hatua kwa hatua. Kwanza rangi ya kingamwili ya IDH1 R132H, yaani rangi inayonata kwenye badiliko la IDH lililo la kawaida zaidi: seli za uvimbe zikigeuka kahawia, badiliko lipo. Hiyo hunasa takriban tisa katika kumi ya mabadiliko ya IDH. Ikitoka hasi kwa mtu wa miaka 38 msifunge kitabu, jeni za IDH1 na IDH2 zisomwe kwa undani. Pamoja nayo ifanywe rangi ya ATRX, protini ya jeni nyingine. IDH imebadilika na viini vya uvimbe vimepoteza ATRX, hiyo ni astrositoma, na kipimo cha kromosomu 1 na 19, ambacho ndicho ghali, kwa kawaida hakihitajiki tena. ATRX ikiwa bado ipo, hapo kilipieni.

Sasa bloki. Ni kipande cha nta juu ya kikasha cha plastiki, na tishu yenyewe yaweza kuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Nikikata, utepe wa nta huelea juu ya maji ya vuguvugu nami nauopoa kwa slaidi. Kila mkato wapunguza tishu, na ikiisha imekwisha, labda arudi tena kupasuliwa. Kwa hivyo ombeni maabara iwakatie slaidi tupu zisizopakwa rangi kama huko Nairobi watazikubali, bloki ibaki. Ikibidi isafiri, iende na barua ya daktari na nakala ya ripoti, mtu aishike mkononi. Msiiache kwenye dashibodi ya gari jua la saa saba la Mombasa, nta italainika. Ulizeni pia tishu ilitiwa fomalini gani na kwa muda gani, maana nishapokea kipande cha ubongo kutoka mji mwingine ndani ya chupa ya jemu, kinaelea kwenye maji ya chumvi. Cha namna hiyo hata jeni zake zaweza kuwa zimeharibika.

Mwambie mamako watoto wasisumbuliwe. Badiliko la IDH hutokea ndani ya seli za uvimbe wenyewe, baba hamrithishi mtoto. Zipo koo chache zenye saratani nyingi za kurithi, na kama kwenu wako jamaa kadhaa waliougua saratani wakiwa vijana, hilo mtajieni daktari. Vinginevyo pesa hizo ziwekeni kwa mjomba.