Mshale Haurushwi, Hufumwa

Swali, kutoka kwa mtunzi wa taarab, Kisauni: “Asalaam aleikum, mwalimu. Nimetunga wimbo unaoanza hivi: *Mrusha mishale yule, kanichoma moyo wangu*. Mzee mmoja wa kikundi chetu akanambia mshale haurushwi. Ni kweli? Na ubeti wa mwisho nataka kuitaja nyota ya huyo mwanamke, amezaliwa Disemba. Nisemeje, Kausi au Mshale?”

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mzee wako amesema kweli, na imenifurahisha kwamba bado wako watu ambao sikio lao hulikamata kosa kama hilo kabla ya kamusi kufunguliwa.

Kurusha ni kukifanya kitu kiruke: jiwe, mpira, tiara. Vile vishale vidogo vinavyolengwa ubaoni hurushwa, maana hutoka mkononi. Mshale wa vita na wa mawindo hautoki mkononi, hutoka utani (hapa si utani wa mzaha, ni “uta” na “-ni” ya mahali). Mshale hupigwa, au hufumwa. “Fuma” hii si ile ya kitambaa, ingawa zinatamkwa sawa. Ni ya chombo chenye ncha kumpata mtu mwilini. Naona ndiyo iliyo karibu na “fumania”, kumkuta mtu ghafla mahali asipokutazamia. Kwa wimbo wa mapenzi, sijui neno gani lingekufaa zaidi ya hilo. Na mizani haipungui: m-ru-sha ni tatu, m-fu-ma ni tatu.

Nimetaja uta. Siku hizi wengi wetu tunasema upinde, kutokana na kupinda, na si kosa. Lakini uta, wingi wake mata, ndilo neno la kale, na jirani zetu wanalo mpaka leo: Wakamba husema *ũta*, Wagiriama *uha*. Kamba yake ni upote, na mishale hukaa ndani ya podo au ziaka. Mtunzi wa taarab asiyaache maneno haya yafe.

Picha ya mpiga uta iliyo kubwa kuliko zote katika lugha yetu ni ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, kama ilivyo katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913. Kwanza maadui zake walipanga kula makoma, matunda ya mkoma, kwa zamu, kila mtu akwee mkoma siku yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye hakukwea. Alitoa mshale akayaangusha makoma kutoka chini. Mwisho mwanawe mwenyewe akamchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo akatoka nje ya mji mpaka kisimani, akapiga goti, akatia mshale utani, akafa vivyo hivyo. Siku zikapita watu hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mimi kila nikiisoma sehemu hiyo nalifikiria lile goti, na mama yake akija kumbembeleza mwanawe ambaye hajibu.

Wayunani walimpa mungu wao Apollo uta na kinubi pamoja, na kwa mshairi wao Homer, shujaa Odysseus anautia upote uta wake kama mwimbaji anavyotia uzi kwenye kinubi. Akiujaribu kwa kidole, unalia kama mbayuwayu. Wewe uliyekaa karibu na mpiga fidla hukosi kuelewa. Upinde wake hauna mshale, lakini nao unafika moyoni.

Nyota sasa. Sema Kausi. Ni Kiarabu, *qaws*, maana yake uta, na hata wanafalaki wa Ulaya wameliacha ndani ya majina ya nyota tatu za uta huo: Kaus Borealis, Kaus Media, Kaus Australis. Wanaoandika Mshale katika magazeti wanafuata Kilatini, *Sagittarius*, kutokana na *sagitta*, mshale. Waarabu walitazama uta, Warumi wakatazama mshale. Sisi wa pwani tulipokea falaki kwa Kiarabu, basi na jina tulishike. Ukitaka kuiona, simama pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, mwisho wa Julai, saa nne za usiku, uelekee baharini: iko juu upande wa kusini. Ila muulize tarehe. Kausi huisha yapata Disemba 21. Aliyezaliwa baada ya hapo ni Jadi. (Wako pia wanaoihesabu nyota kwa jina la mtu na la mamake. Hiyo ni hesabu nyingine.)

Huenda mtu akakwambia mshale wa moyoni ni wa Wazungu, wa yule mtoto mwenye mabawa, Cupid wa Warumi. Usikubali. Nyuma yetu hapa bara, Wagiriama huita sumu ya mishale *utsungu*, ndilo neno letu uchungu. Sumu hiyo hupikwa kutokana na mti, na inachokiua ni moyo wenyewe: huuvuruga mapigo mpaka usimame. Uchungu wa mapenzi na mshale moyoni ni vitu vya bara letu na pwani yetu.

Na ncha ya mshale huitwa chembe, kama vile palipo chini ya kidari panavyoitwa chembe cha moyo. Basi ningekushauri hivi: *Mfuma mishale yule, kachoma chembe cha moyo*. Mizani ni nane kwa nane, lakini kina kimetoka kwenye -ngu kikawa -yo, kwa hivyo mishororo inayofuata itabidi uitunge upya.