Umeoa au kuolewa kwa akina Sykes? Anza na wafu wa juzi

Dada mmoja aliyeolewa Leeds ameniandikia: "Kaka, mume wangu ni Sykes. Ni ndugu na akina Sykes wa Dar es Salaam? Halafu kuna watu wanatuuzia nembo ya ukoo, tununue?"

Msinunue. Uingereza nembo hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake. Haitolewi kwa kila mwenye jina. Wanaosimamia mambo hayo, College of Arms, wapo tangu 1484. Ama Sykes wa Dar, Sykes Mbuwane, babu yao Abdulwahid na Ally wa TANU, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani, enzi za Wajerumani. Mizizi yao msiitafute Yorkshire, jimbo la kaskazini mwa Uingereza ambako jina la mumeo limejaa.

Mimi mama mkwe wangu ni Sykes wa pande za Huddersfield, huko huko Yorkshire, na mwezi uliopita nimeufikisha ukoo wake kwa mfumaji wa sufu aliyebatizwa enzi za mfalme Charles II, karne ya 17. Najisifu, ndiyo. Nilipoanza, shemeji yangu aliuliza mezani, mbele ya watu, mgeni kutoka Tanga atawafundisha nini kuhusu jina lao.

Basi nimewafundisha. Sike kwa lahaja ya kwao ni kijito chembamba, aghalabu mpaka wa mashamba. Vijito hivyo vimejaa milimani kule, kwa hiyo ungedhani kila bonde lilizaa Sykes wake. Lakini mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, alichapisha matokeo ya wanaume 48 wenye jina lake: 21 kati yao walikuwa na kromosomu Y, ile ambayo mwana wa kiume huirithi kwa baba yake, ya namna moja. Yaani huenda jina lilianza na mzee mmoja tu. Na wale wengine 27? Kuna watoto waliochukua jina la mama, kuna waliolelewa, na kuna mambo ya nje ya ndoa. Nilipoyasema hayo kwa wakwe, uma zilisimama hewani.

Sasa fanyeni hivi. Anzeni na mnayemjua, mrudi nyuma mtu mmoja mmoja. Msianze na Mark Sykes, yule Mwingereza aliyegawana nchi za Waarabu na Mfaransa Picot mwaka 1916. Kila Sykes anamtaka huyo, na wengi hawamhusu. Vyeti vya serikali vinaanza Julai 1837. Sensa zenye majina ya watu wote, 1841. Kabla ya hapo ni daftari za kanisa, zilizoamriwa 1538. Za Almondbury, parokia ya karibu na Huddersfield walikozikwa akina Sykes wasiohesabika, zinaanza 1557.

Hapo ndipo watu huangukia. Ukurasa mmoja nilikuta John mwana wa John Sykes, na mistari michache chini yake, John mwana wa John Sykes. Mwingine angechagua anayempenda. Mimi niliangalia karani ameandika wanakaa shamba gani, kisha nikafuata wosia wa babu kwenye hifadhi ya Borthwick kule York, kwa kuwa mfumaji anayemwachia mjukuu kitanda cha kufumia humtaja baba wa mjukuu huyo. Jina peke yake halithibitishi kitu. Tena Sykes, Sikes, Syks, vyote ni kimoja. Karani aliandika alivyosikia.

Na kina mama msiwasahau, jamani. Cheti cha ndoa cha Uingereza kilitaja baba tu mpaka Mei 2021, eti mama hakuzaa! Mtafuteni kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, jina lake la ukoo wa kwao lipo pale.

Shemeji sasa ameitundika nasaba yote sebuleni kwake ndani ya fremu, na wageni anawaambia "tumeitafuta". Kwa hiyo dada yangu, andika jina lako na tarehe chini ya kila ukurasa kabla hujawapa wakwe.