Usimwambie mkataji "usinipunguzie uzito"

Mimi nilimwambia mkataji wa vito maneno hayo, asinipunguzie uzito. Nilikuwa na kipande changu cha kwanza cha ganeti, kito cha aina ya rodolaiti yenye wekundu wa zambarau, safi, nikampa fundi mmoja hapa Dodoma mjini. Alinitii, maskini. Jioni nikapokea jiwe la karati 3.1 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), pana, lenye kung'aa pembeni, lakini katikati limepauka. Nikaliweka juu ya gazeti: kichwa cha habari kinasomeka vizuri kabisa kupitia kwenye jiwe! Wenye kazi yao huita hilo dirisha.

Ubaya ulikuwa tumboni, yaani sehemu ya chini ya jiwe. Mwanga huingia kwa juu, ukagonga nyuso za chini, zile bapa zilizokatwa na fundi, ukarudi machoni kwako. Tumbo likiwa bapa mno, mwanga hupenya chini ukapotea. Langu lilikuwa na mteremko wa nyuzi kama 30 kutoka kwenye mkanda, ule ukingo unaozunguka jiwe, wakati ganeti ya aina ile hutaka 40 au zaidi kidogo. Wala kipimo si kimoja kwa mawe yote. Rubi na safaya hupinda mwanga sana, nyuzi 40 hivi zinatosha. Amethisti, lile jiwe la zambarau, ni aina ya kwazi (quartz), hupinda kidogo. Mkate kwa nyuzi 40 na dirisha linafunguka, ndiyo maana wengi huenda mpaka 43.

Kuna na kosa la upande wa pili, tumbo nene kupita kiasi. Jiwe linakuwa jeusi, na uzito unajificha chini ambako pete itaufunika. Mnunuzi analipia kila karati, ikiwemo ile asiyoiona.

Kwa rubi za Winza, kule Mpwapwa, mwelekeze fundi pia kwenye rangi, kwa sababu baadhi zina mabaka ya buluu. Baka likiachwa kwenye ncha ya chini, rangi yake husambaa usoni pote. Krisopresi ya Haneti, lile jiwe la kijani, haina habari na nyuzi hizi. Hukatwa mgongo wa kobe, bila nyuso.

Lile langu lilikatwa upya likabaki karati 2.2. Niliumia kuona vumbi lile. Lakini dalali aliyelikataa mwanzo alilichukua bila kubishana sana.

Siku hizi sinunui jiwe juani, maana jua la Dodoma hung'arisha hata kipande cha chupa. Naingia kivulini na kipande changu cha gazeti, na madalali wakikiona wanaanza kuguna.