Nililala gereza la Kasapa bila kuhukumiwa: je, kazie yangu imechafuka?

Swali: Maître, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilishikwa kwa tuhuma ya kuiba nyaya za shaba, nikakaa Kasapa miezi saba, nikaachiliwa bila hukumu. Sasa kampuni inayofanya kazi migodini inataka kazie, ile hati inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Kuna mtu pale nje ya parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) anasema jina langu limo kwenye daftari, nimpe dola 150 alifute. Nimpe?

Jibu: Usimpe hata faranga moja. Hana daftari, na hata angekuwa nalo hana mamlaka ya kufuta kitu.

Kazie huonyesha hukumu. Kulala gerezani si hukumu, ndugu yangu! Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 17, inasema mtu huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Ila mtaani kila aliyepita Kasapa ni mwizi, na kinachonichosha zaidi ni kwamba wenyewe wanakubali. Fomu inauliza "umewahi kuhukumiwa?", mtu anaandika "ndiyo", kumbe hakimu hakuwahi kumsomea lolote. Kazi imekwenda, kwa kalamu yake mwenyewe.

Swali ulilopaswa kuniuliza ni hili: karatasi uliyotoka nayo inasemaje? Ikiwa ni uhuru wa muda, kesi yako bado iko hai na ukiitwa lazima uende. Ikiwa faili ilifungwa bila mashtaka, omba nakala uiambatanishe na maombi ya kazi. Wizi wa kawaida adhabu yake haizidi miaka 5, kwa hiyo mashtaka yake hupitwa na wakati baada ya miaka 3. Lakini hatua ya uchunguzi ya parke inaweza kuanzisha hesabu upya, basi usijihesabie kwa vidole.

Hata aliyehukumiwa kweli asikimbilie kununua kazie safi. Kama adhabu yake ilisimamishwa, muda wa kusubiri hauzidi miaka 5, na ukipita bila hukumu nyingine, ile ya kwanza huhesabiwa kama haikuwapo. Watu wanalipa kufutiwa kitu ambacho sheria imekwisha kukifuta bure.

Hawa wauza kazie safi wanauza hati ya kughushi, hakuna jina lingine. Kifungu cha 124 cha kanuni ya adhabu kinatoa miezi 6 hadi miaka 5, na cha 126 kinamwadhibu anayeitumia sawa na aliyeitengeneza. Kampuni ikipeleka hati kuhakikiwa, jina litakaloonekana ni la mwenye maombi, muuzaji hajulikani. Ndivyo mtu asiye na hukumu yoyote anavyojitafutia ya kwanza, tena ya kweli.

Kama umekwisha kuinunua, usiiwasilishe kokote. Ilete kwa avoka (wakili) kabla hujatia saini fomu ya kampuni.