Uliza Tukujibu: Fundi kaharibu kitu changu, nani analipa?

Safari hii maswali yamegongana, karibu yote ni ya mafundi. Na mafundi nao wameandika, mmoja nimemweka mwishoni maana ana hoja.

Shikamoo anko. Nilipeleka simu kwa fundi anibadilishie betri tu, ilikuwa inazima ikifika asilimia 30. Kioo kizima, kamera nzima, hata nilipiga simu nikiwa nimekaa palepale mbele ya meza yake. Akasema nirudi jioni. Kurudi nakuta betri kweli kaweka ila kioo kina mstari wa kijani toka juu mpaka chini na kamera ya nyuma ni giza tupu. Nikiuliza anasema eti ilikuja hivyo, nikimbana ananionyesha bango ukutani HATUHUSIKI NA UHARIBIFU WOWOTE. Nina haki hapa au ndo imekula kwangu?

Marahaba mwanangu, pole sana, na bado haijakula kwako.

Ukimwachia fundi simu hujampa kazi tu, umempa amana. Sisi tunalijua hilo neno toka utotoni, na sheria nayo inaliona hivyohivyo, kwamba aliyeshika mali ya mwenzake ana wajibu wa kuitunza mpaka airudishe. Kesi wanayopenda kuitaja wanasheria ni ya Uingereza ya mwaka 1703, Coggs v Bernard, ambapo Bernard alikubali kuhamisha mapipa ya brandi ya Coggs toka stoo moja kwenda nyingine, katika kuhamisha pipa likapasuka kwa uzembe brandi ikamwagika, na hata senti ya malipo alikuwa hapewi, lakini mahakama ikasema umeishika mali ya mtu ukaizembea basi utawajibika. Sasa huyo alikuwa anafanya bure, wa kwako kachukua hela! Sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo nchi kadhaa zilizotawaliwa na Uingereza zilikuja kuichukua karibu kama ilivyo, inasema aliyekabidhiwa aitunze mali kama mtu wa kawaida mwenye busara anavyotunza ya kwake. Yaani hatudai miujiza, tunadai uangalifu.

Kitu kitakachokubeba zaidi ni hiki. Kwenye nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, ukishaonyesha kwamba kitu kiliingia kizima kikatoka kibovu, mwenye kazi ya kujieleza ni fundi, siyo wewe. Wewe hukuwepo, simu ilikuwa imefunguliwa mezani kwake, utajuaje alichofanya? Ndo maana "ilikuja hivyo" ni jibu analolikimbilia kila fundi, kwa sababu likikubalika hilo, kila kitu kinaishia hapo. Kwa hiyo ugomvi wako wote ni kuthibitisha hali ya simu asubuhi ile, na bahati nzuri unao ushahidi mfukoni bila kujua. Ile simu uliyopiga mbele yake imo kwenye orodha ya simu na saa yake. Picha uliyopiga siku hiyo au jana yake kwa kamera ya nyuma ina tarehe na saa ndani yake, na kama uliituma kwa mtu WhatsApp ndo vizuri zaidi maana mwenzio naye anayo na saa iliyoingia. Giza tupu halipigi picha.

Kuhusu mstari nisikudanganye. Skrini za OLED, yaani zile ambazo kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe, zinaweza kupata mstari wa kijani zenyewe bila mtu kuzigusa, na fundi mjanja atakwambia hivyo, na hatakuwa amedanganya. Lakini mstari pamoja na kamera kufa, siku moja, masaa machache baada ya simu kufunguliwa? Hapo mi siamini bahati mbaya. Ndani ya simu kuna nyaya bapa nyembamba kama utepe zinazounganisha kioo na kamera kwenye bodi, ukizikunja vibaya au ukifunga kifuniko zikiwa zimebanwa, zimekwenda. Na kuna skrubu. Skrubu za simu moja zinapishana urefu kwa chini ya milimita, kwa macho zote ni sawa, ukiichukua ndefu ukaisukuma kwenye tundu la fupi inatoboa bodi na kukata njia za umeme zilizo ndani yake. Fundi makini anazipanga kwenye sumaku au karatasi kila moja na sehemu yake. Asiye makini anazimwaga zote kwenye kisosi, na mimi nilishawahi kukiona hicho kisosi simu yangu ikiwa wazi pembeni yake, nikajua leo nimeumia, na kweli niliumia.

Bango sasa. Bango siyo sheria. Uingereza kwa mfano, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, na inasema wazi hawezi kujivua wajibu huo kwa maandishi yake mwenyewe. Nchi nyingine zinaruhusu mtu apunguze wajibu wake lakini lazima awe amekuonyesha masharti kabla hujakabidhi, siyo bango la nyuma ya mlango unaonyeshwa wakati ugomvi umeshaanza. Kwa hiyo usitishike na herufi kubwa.

Ufanye nini basi. Kwanza kabisa simu usiipeleke kwa fundi mwingine akaifungua, najua una hasira unataka ipone leo, lakini akishaifungua wa pili, wa kwanza anapata pa kutorokea, atasema huyo ndo kaua. Mwandikie meseji, usimpigie, eleza tarehe uliyompa, ulimpa kwa kazi gani, ilikuwaje na imerudi ikoje, mwambie unataka arekebishe kwa gharama zake na mpe siku, tuseme 14. Kumpa nafasi arekebishe siyo unyonge, sehemu nyingi utaulizwa ulimpa nafasi au ulikimbilia kushtaki. Akikaa kimya au akikataa, hapo tafuta fundi mwingine anayeaminika aikague na aandike kwa karatasi alichokiona, apige picha akiwa anaifungua. Hiyo karatasi ndo unakwenda nayo ofisi ya kutetea walaji kama ipo kwenu, au mahakama ya madai madogo, ambako kwenye nchi nyingi unajisemea mwenyewe bila wakili.

Utadai kiasi gani? Gharama ya kurudisha kioo na kamera kama ilivyokuwa. Kama haitengenezeki, unadai thamani ya simu uliyokuwa nayo, iliyotumika, siyo bei ya mpya dukani, hapa ndo wengi wanajiharibia wanataja hesabu kubwa mpaka wanaonekana wezi wao.

Mhariri habari za kazi. Fundi alikuja nyumbani kutengeneza mashine ya kufulia, akaondoka, usiku ule bomba alilofunga likachomoka maji yakajaa sebuleni, zulia na kabati la mbao vyote vimevimba. Anakubali kurudi kufunga bomba bure ila zulia anasema siyo kazi yake. Ni kweli?

Si kweli. Kufunga bomba upya ni kurekebisha kazi yake, zulia na kabati ni hasara iliyotokana na uzembe wake, ni madeni mawili. Anaweza kulipa la kwanza akabaki na la pili. Piga picha kabla hujakausha, na hilo bomba na klipu yake vitunze kwenye mfuko usivitupe, maana swali litakuwa klipu ilikazwa au iliachwa legelege. Ila na wewe ulipaswa kufunga maji mara tu ulipogundua, kama uliyaacha mpaka asubuhi sehemu ya hasara itakuwa ya kwako. Na kama una bima ya nyumba wapigie hao kwanza, wao watajuana na fundi.

Nina saa ya mkono ya marehemu babu. Nilimpa fundi aisafishe tu iende. Kairudisha inang'aa kama mpya, kaisugua mikwaruzo yote na kubadilisha uso wake na mishale. Anasema kaniongezea huduma bure! Nimelia. Watu wananiambia nalia nini sasa, saa imekuwa nzuri.

Hao watu waache. Hukumwagiza hivyo, na kazi usiyoiagiza haiwi zawadi kwa sababu fundi kaipenda. Kwa saa za zamani ni mbaya mara mbili, wanaozikusanya wanalipia uso wa asili hata uwe umefifia, na ganda lililosuguliwa mpaka kingo zake zikapotea linashusha bei.

Kimbia leo hiihii ukadai uso wa zamani na mishale yake. Vitu vilivyotolewa kwenye mali yako ni vyako mpaka ukubali viachwe. Kwenye jimbo la Ontario, Kanada, sheria ya mwaka 2002 inaitaka gereji ikurudishie spea ilizotoa kwenye gari lako, na haiiruhusu ikutoze zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio iliyokupa. Iko kwa magari lakini busara yake nenda nayo hata kwa saa. Ukivipata vikarudishwa, nusu ya msiba umekwisha. Mikwaruzo ya babu hairudi, na mahakama nyingi hazilipi machungu ya moyo kwa kitu kilichoharibika, zinalipa thamani iliyopungua. Nasikitika kukwambia hilo.

Na msikubali neno "service" peke yake kwenye risiti. Andikeni: kusafisha ndani, usiguse ganda, usibadilishe chochote bila kunipigia.

Mimi ni fundi. Mnatusema sana. Mteja analeta redio imeshaingia maji anaficha, ikifa mkononi mwangu nakuwa muuaji. Mwingine anaacha kitu mwaka mzima halafu anakuja kudai. Na sisi haki yetu iko wapi?

Ipo, ndugu yangu, na naomba wasomaji wasome hapa pia. Kitu kikifa kwa ubovu kiliokuja nao, na wewe ulifanya kazi kwa uangalifu, hudaiwi. Hata moto ukitokea kwa jirani ukaunguza karakana bila uzembe wako, sehemu nyingi hulipi. Una haki pia ya kushikilia kitu mpaka ulipwe kazi mliyokubaliana, siyo kazi uliyojiongezea. Mteja asiyekubaliana na bili lakini anataka kitu chake anaweza kulipa na kuandika kwenye risiti "nimelipa huku napinga", msimfukuze kwa hilo.

Kitu kilichotelekezwa usikiuze kimyakimya. Mpe taarifa kwa maandishi, mpe muda wa kutosha, na uangalie sheria ya kwenu inataka siku ngapi.

Hilo la maji dawa yake unayo wewe. Simu nyingi zina kistika kidogo cheupe ndani kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, redio haina, ila kutu ya kijani kwenye bodi inaonekana kwa tochi. Fungua mteja akiwepo, mwonyeshe, piga picha mbele yake, andika kwenye risiti "imeingia maji kabla" na asaini. Dakika tatu. Akikataa kusaini mrudishie redio yake.