Jinsia si Jina Jingine la Wanawake

SWALI: Niliandika "mitazamo ya kijinsia kuhusu maadili ya uhandisi wa tabianchi". Mhariri akanibadilishia: "maoni ya wanawake kuhusu kurekebisha hali ya hewa". Je, maana imebaki ileile?

JIBU: Haikubaki. La hali ya hewa nalimaliza haraka. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Mwenendo wa miaka 30 ni tabianchi. Mhandisi wa tabianchi anayetaka kutawanya chembe za salfa juu angani zipunguze mwanga wa jua, kama Mlima Pinatubo ulivyofanya ulipolipuka 1991 na dunia ikapoa kwa takriban nyuzi 0.5 za selsiasi, hana habari na mvua ya leo.

Kinachonikera ni hilo "wanawake". Jinsia tumeitoa kwenye Kiarabu, na huko maana ya asili ya jins ni aina. Lakini siku hizi ukitamka "kijinsia" watu husikia "kina mama", utadhani wanaume hawana jinsia! Kuuliza kijinsia ni kuuliza pia kwa nini walioshika usukani wa utafiti huu wengi wao ni wanaume, na kwa nini mazungumzo yao yamejaa kudhibiti na kuamuru. Mhariri wako amewaachia huru kabla kesi haijasikilizwa.

Ipo na sentensi hii, nimekutana nayo hadi nimeichoka: "Wataalamu, wanawake na vijana washirikishwe kabla ya majaribio." Isome polepole. Wataalamu hao ni nani? Si wanawake, maana wametajwa kando. Si vijana pia. Wamebaki wazee wa kiume! Na Kiswahili hakina hatia hapa: "mhandisi ameamua" haisemi mke wala mume. Lugha iliacha mlango wazi, mwandishi akaenda kuufunga kwa mkono wake.

Hata "washirikishwe" ina walakini. Anayeshirikishwa ni mgeni kwenye shughuli ya mwenzake. Mwaka 2021 Baraza la Wasaami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, halikungoja mwaliko. Lilipinga jaribio la puto la watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kaskazini mwa Sweden, sehemu ya utafiti huohuo wa kupunguza mwanga wa jua, na puto halikuruka. Mradi wenyewe ulifungwa 2024. Kitenzi cha hapo ni "walipinga".

Andika "wataalamu, wake kwa waume". Ukiona ni refu, andika "wataalamu" na uishie hapo. Hilo "kurekebisha" la mhariri nitalivumilia, ingawa linadai kwamba tunajua skrubu ya kukaza iko wapi. "Kijinsia" airudishe.