Mnaoanza kazi ya usafi, tuongee kuhusu dawa za choo

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usafi, na hata wewe unayeosha choo cha nyumbani kwako tu, leo naomba tuongee kuhusu dawa za choo, maana naona watu wanafundishwa kusugua alafu hakuna anayewaambia kilichomo kwenye chupa. Hii kazi nimeifanya miaka mingi, maofisini na majumbani, na funzo kubwa kuliko yote nililipata mwezi wa pili tu tangu nianze.

Siku hiyo niliingia zamu ya mchana nikakuta sinki la choo lina ule ukoko wa kahawia pale maji yanapotuama, nikachukua dawa yenye asidi nikazungushia ndani kama nilivyoelekezwa, nikainama nianze kusugua. Haikupita hata nusu dakika koo likakaba, macho yanachoma, kifua kimebana, nakohoa mpaka siwezi kuita mtu. Nikatoka nikakaa nje muda mrefu. Na mimi sikuwa nimechanganya kitu chochote! Kumbe mwenzangu wa asubuhi alimwaga blichi, ile wengi mnaita jiki, akaiacha mle ndani "ifanye kazi", muda wake ukaisha akaondoka bila kuvuta maji. Yeye alifanya alivyofundishwa na mimi hivyo hivyo, dawa zikakutana kwenye sinki.

Ndo maana nawaambia, kila mtu anajua kwamba hutakiwi kuchanganya dawa kwenye ndoo, hiyo mmeshaisikia. Shida ni kwamba nyingi zinakutana bila mtu kuzichanganya. Zamu mbili. Brashi iliyochovya blichi jana na ikarudishwa kwenye kikopo chake bila kusuuzwa, kile kimaji cha chini kinabaki na dawa. Vile vidonge vinavyowekwa kwenye tangi la maji, vingine vina klorini ndani yake, kwahiyo kila ukivuta maji sinki linapata klorini kidogo, alafu wewe unakuja na asidi. Fungua tangi uangalie kwanza, ukikuta kidonge kisome kwenye pakiti yake ni cha nini, pakiti ikikosekana chukulia kina klorini, kitoe na uvute maji mara kadhaa kabla ya kuweka asidi.

Kinachotokea ni hiki. Blichi ni sodiamu haipokloraiti iliyoyeyushwa kwenye maji. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na hapa nazungumzia gesi ileile iliyotumika kama silaha vitani kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, sisemi kuwatisha. Ni nzito kuliko hewa kwahiyo inakaa chini, palepale unapoinamisha uso. Na asidi sio lazima iandikwe asidi kwa herufi kubwa, siki ni asidi, maji ya limao ni asidi, dawa nyingi za kutoa ukoko na kutu ni asidi. Blichi ikikutana na amonia nayo inatoa gesi zingine zinaitwa kloramini, na amonia ipo kwenye baadhi ya dawa za vioo na ipo kwenye mkojo uliokaa. Kwahiyo choo chenye mkojo wa siku nzima usikimwagie blichi moja kwa moja, vuta maji kwanza, tena mara mbili. Blichi na spiriti pia hapana.

Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hata kidogo, msijidanganye. Kinachokusaidia ni mlango na dirisha wazi kabla hujafungua chupa. Ukisikia harufu kali ya ghafla na macho yanachoma, toka. Usibaki kuvuta maji, usibaki kuokoa ndoo, toka na zuia wengine wasiingie mpaka hewa ibadilike. Kifua kikiendelea kubana au kikohozi hakiishi nenda hospitali uwaambie ni dawa gani na gani, na usijipe moyo kwamba umepona kwasababu uko nje, mapafu saa ingine yanaleta shida masaa kadhaa baadae.

Sasa tuje kwenye kuosha chenyewe, maana usalama bila kujua dawa ipi inafanya nini utaishia kumwaga nyingi tu.

Nikiwa mgeni nilikuwa nafikiri blichi ndo dawa ya kila kitu. Sio kweli. Blichi inaua vijidudu na inafanya uchafu uwe mweupe, basi. Ule ukoko mgumu unaotokana na maji ya chumvi ni madini, blichi haiuyeyushi, inaupausha tu, unaona sinki jeupe unafurahi, wiki ijayo ukoko unashika rangi tena kwasababu haukutoka. Huo unataka asidi. Na kutu ndo mbaya zaidi, ukiimwagia blichi doa linaweza kuganda kabisa. Nimeshaona mtu kalipigania doa la kutu kwa blichi wiki nzima na kila siku linazidi kuwa jekundu, asidi ikalitoa kwa dakika chache. Kwahiyo kabla hujashika chupa jiulize, hapa kuna nini? Uchafu na mafuta ya mwili, sabuni inatosha. Ukoko na kutu, asidi. Vijidudu, blichi, na iwe ya mwisho kabisa baada ya kusafisha na kusuuza, maana kinyesi na uchafu vinaimaliza nguvu kabla haijafika kwenye vijidudu. Kumwaga blichi juu ya uchafu ni kuiharibu tu.

Kama siku hiyo unahitaji zote mbili, asidi na blichi, mimi siku hizi nazitenganisha siku kabisa. Leo asidi, kesho blichi. Kuna wanaosema suuza vizuri kisha endelea, sawa, lakini kwenye choo kuna maji yanayobaki kwenye kona ya bomba usiyoiona na mimi siwezi kuiamini.

Jambo lingine ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa ni muda. Dawa inataka kukaa. Mtu anamwaga anasugua papo hapo anavuta maji, alafu anasema dawa hii haina nguvu, anaongeza nyingine. Soma chupa, nyingi zinataka dakika 10 au zaidi. Na kuna kitu kidogo kinasaidia sana kwenye choo cha kukaa: kabla ya kuweka dawa chukua brashi usukume maji kwa nguvu kuelekea kwenye tundu, yale maji ya sinki yatashuka, dawa itakaa kwenye ukoko wenyewe badala ya kuzimuliwa na maji. Anza chini ya ukingo wa juu kule vitundu vya maji vilipo, huko ndo kunanuka na wengi hawafiki, iache iteremke yenyewe. Wakati inasubiri wewe unafuta vitu vingine, kitasa, swichi, kishikio cha kuvutia maji, hivyo vinashikwa na mikono kuliko sinki lenyewe. Ila kitambaa cha choo kisifute kingine, kiwe na rangi yake, sisi tunatumia chekundu na hakuna mjadala.

Blichi ya kufutia kiti na sakafu haimwagwi kavu kavu kutoka kwenye chupa. Angalia asilimia kwenye lebo. Ikiwa ni 5%, sehemu moja ya blichi kwa sehemu 49 za maji inakupa 0.1%, yaani kama mililita 20 kwenye lita moja, ikiwa 3.5% weka kama mililita 30. Inatosha kabisa kwa sehemu iliyosafishwa tayari, iache dakika 10 ikiwa na unyevu kisha suuza. Maji yawe ya baridi, ya moto yanaiharibu na kuongeza mvuke wa kuvuta. Tengeneza ya siku hiyo tu, ya jana imeshapoteza nguvu, na chupa kubwa ikae mbali na jua na joto. Usiiweke kwenye chupa ya kupulizia pia, vile vitone vinaingia puani, lowesha kitambaa ufute.

Asidi isiguse marumaru, teraso, wala saruji ya katikati ya vigae, inavila, na mabomba yanayong'aa yanapauka. Hiyo nimeshawahi kuombea radhi kwa mwenye nyumba, sakafu ilipoteza mng'ao na haukurudi.

Kostiki soda ya kuzibua ni somo lake, ila jueni hili moja: unaiweka ndani ya maji baridi kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu yake, inachemka ghafla na kuruka usoni. Na kama mtu ameshamwaga dawa ya kuzibua ikashindwa, usije na dawa ya aina nyingine juu yake, uliza kwanza alimwaga nini.

Glovu za mpira ni kila siku, miwani ni kila unaposhika asidi au kostiki, najua watu wanaiona ni usumbufu lakini tone moja la asidi jichoni halisubiri. Ikikurukia suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kweli uhesabu, na nguo iliyolowa uivue. Mtu akimeza, msimtapishe, dawa itaunguza koo mara ya pili ikirudi, suuzeni mdomo, mpelekeni hospitali haraka na chupa yenyewe mkononi.

Na chupa, nawaomba sana, isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi lebo, na mtu mzima mwenye kiu gizani hasomi pia. Kama umenunua ya kupima na imekuja kwenye chupa ya namna hiyo, siku hiyohiyo tafuta chombo kingine kisichofanana na cha kunywea, andika jina la dawa kwa kalamu isiyofutika, weka juu kabatini na ufunge.

Siku hizi nikimaliza zamu naandika kwenye karatasi ya mlangoni nimetumia dawa gani na saa ngapi, kisha navuta maji. Mwenzangu anayeingia anasoma kabla ya kushika brashi.